Tangawizi, Siki na Chungu cha Mzazi

Mkoani Guangdong, kusini mwa China, mimba ikikaribia kutimia, mama au mama mkwe huanza kununua tangawizi. Hununua kilo kadhaa, na huchagua iliyokomaa, yenye nyuzi na ukali, si ile changa. Mzazi huhesabiwa kuwa amepoteza damu na joto, kwa hiyo mwezi mzima baada ya kujifungua hulishwa vitu vya kumpasha mwili.

Tiba ya jadi ya Kichina hupanga vyakula kwa tabia nne: vya moto, vya uvuguvugu, vya ubaridi na vya baridi kali, na katikati vipo visivyoegemea upande wowote. Joto hili halipimwi kwa kipimajoto; ni namna chakula kinavyosemekana kuuathiri mwili. Tabibu Li Shizhen alitumia miaka 27 kuandika Bencao Gangmu, kitabu chenye vipengele 1,892 vya mimea, wanyama na madini pamoja na tabia zake. Kilichapwa Nanjing mwaka 1596, yeye akiwa ameshafariki.

Ila ustadi wenyewe hauishii kwenye kuijua orodha. Tazama tangawizi ile. Nyama yake ni ya uvuguvugu, lakini ganda lake huhesabiwa kuwa la ubaridi, ndiyo maana hukwanguliwa lote. Ikishaoshwa huanikwa mpaka maji yakauke, ikapondwa kwa ubapa wa kisu, kisha ikakaangwa kavu kwenye karai bila tone la mafuta. Kadiri unyevu unavyoiacha ndivyo inavyosogea upande wa moto: tangawizi mbichi ni ya uvuguvugu, iliyokaushwa ni ya moto.

Hapo huingia kwenye chungu cha udongo, kwa kuwa siki hula chuma, ikamiminiwa siki nyeusi tamu ya mchele na kuchemshwa kwa moto mdogo. Huachwa ikae, ikapashwa tena siku nyingine, hadi ukali wake uzame ndani ya siki. Kongoro za nguruwe na mayai ya kuchemsha hufuata karibu na siku ya kula. Siki hulainisha ngozi na kano, ikatoa chokaa kidogo mifupani. Mayai yakatoka na rangi ya kahawia. Mtoto akitimiza mwezi, jamaa na majirani nao hugawiwa bakuli.

Maarifa hayohayo yamo katika mambo mengine. Kaa, ambaye ni wa baridi, huliwa na tangawizi, siki na mvinyo wa Shaoxing uliopashwa moto. Mzizi wa dihuang, mmea wa dawa, ni wa baridi ukiwa mbichi; ukipikwa kwa mvuke na kuanikwa, kwa desturi mara tisa, huwa wa uvuguvugu.

Watu wa pwani yetu hawatayaona haya kuwa mageni, kwani mzazi wa siku arubaini naye hunyweshwa uji wa pilipili manga na kuepushwa na vya baridi. Wapishi wa Guangdong wanatuonyesha kuwa tabia ya chakula ni mahali pa kuanzia kazi. Basi ukiambiwa chakula fulani ni cha baridi, usikimbilie kukikataa; uliza kwanza kimepikwaje na kimeambatanishwa na nini.