Mshindi Anakaa, Mgeni Anaondoka

Kila mwisho wa mwezi kikundi chetu hukutana Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, kucheza gemu za kupigana. Tuna runinga moja, PlayStation 5 moja na pedi mbili. Kwa hiyo kila mkutano hutanguliwa na swali lile lile: safari hii tucheze Tekken 8 au Street Fighter 6? Mwezi uliopita ubishi huo ulitumaliza jioni nzima, kila upande ukihesabu sifa za gemu yake. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba sote tulihakiki nusu tu. Gemu ya kupigana hupimwa pamoja na kanuni inayosema nani akae na nani ainuke.

Nianze na gemu zenyewe. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, imerithi wazo zuri la Tekken ya kwanza ya 1994: vitufe vinne, kila kimoja na kiungo chake, yaani mikono miwili na miguu miwili. Anayeketi kwa mara ya kwanza huelewa papo hapo. Tena wahusika husema lugha zao wenyewe: Hwoarang Kikorea, Jin Kijapani, Azucena Kihispania, na wanaelewana bila mkalimani. Sisi tunaochanganya Kiluganda, Kinyankole, Kiingereza na Kiswahili kwenye benchi moja tunajiona humo. Watazamaji nao hawakusahauliwa. Wapiganaji wawili waliobakiwa na uhai kidogo wakirusha pigo kwa pamoja, picha hupunguza mwendo na chumba kizima hunyamaza.

Lakini urahisi huo ni wa mlangoni tu. Mhusika mmoja huwa na mapigo zaidi ya 100, na mfumo mpya uitwao Heat humwongezea mshambuliaji nguvu kwa muda mfupi katika kila raundi. Anayeshambuliwa hubaki kubahatisha: linakuja la juu au la chini? Asiyejua huishia kushika pedi na kutazama anavyopigwa.

Street Fighter 6, ya Juni 2023, ni kinyume chake. Ina vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, kwa kadiri ya uzito. Ili Ryu arushe mpira wake wa nguvu, kidole gumba lazima kipite chini, kisha mshazari, kisha mbele, ndipo ubonyeze ngumi. Wageni wengi hukwama hapo. Ndiyo maana waundaji waliongeza mtindo wa Modern, ambao kitufe kimoja hutosha kurusha pigo hilo. Wakongwe wetu huuita udanganyifu. Siwaungi mkono, kwa sababu pigo maalumu lililorahisishwa hivyo hupunguziwa asilimia 20 ya madhara yake, na anayeutumia mtindo huo hukosa baadhi ya mapigo ya kawaida. Amepata urahisi na ameulipia. Kwa hoja hiyo nilitetea Street Fighter 6 kuwa gemu ya kumpokelea mgeni.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo lililonitia aibu. Mwaka jana alikuja dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Siku hiyo tulicheza hiyo hiyo Street Fighter 6, naye alitumia mtindo huo huo wa Modern. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa. Raundi mbili zilimwondoa, hata dakika tatu hazikutimia. Akasubiri zamu kwa muda mrefu, akarudi, nikamwondoa tena. Aliweka pedi mezani, akasema asante, akachukua mkoba wake. Hatujamwona tena. Katika Tekken angalau angepata raundi tatu.

Basi gemu niliyoisifu haikumsaidia, kwa kuwa kanuni yetu ilikuwa "mshindi anakaa". Kanuni hii ilizoeleka kwenye mashine za sarafu, zile zilizojaa watu baada ya Street Fighter II ya 1991. Aliyeshindwa alitia sarafu nyingine au alimpisha mwenzake, na kwa vyovyote vile mwenye mashine alipata fedha. Katika chumba chetu hakuna anayelipa. Tumerithi sheria ya duka ndani ya nyumba isiyo na duka, na sheria hiyo humpa mazoezi mengi zaidi yule anayeyahitaji kidogo zaidi.

Wenzangu hujibu kwamba ukali huo ndio unaokomaza wachezaji. Wana sehemu ya ukweli. Mtandaoni hatuwezi kukomaa vizuri: ngumi ya haraka ya Tekken huchukua fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde, na kwa mpinzani aliye bara jingine ucheleweshaji wa intaneti huimeza nafasi hiyo. Lazima tukutane. Lakini tutazame mfano wa Arslan Ash wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alishinda Tekken 7 katika Evo ya Japani na ile ya Las Vegas, kisha akawaambia watu kwamba kwao wako wengine wakali vilevile. Ukali wake ulitokana na wingi wa wapinzani. Kikundi kinachowapoteza wageni kinapoteza wapinzani wake wa kesho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekuwa tukimfukuza anayekuja kutuponya.

Nimependekeza kwamba katika saa mbili za mwanzo kila anayeketi acheze mechi mbili, ashinde au ashindwe, halafu ainuke. Baadaye usiku, wanaotaka mshindi akae wakae. Gemu yoyote kati ya hizo mbili itanifaa. Kura tutapiga Jumamosi, na kwa kuwa mwaka jana hakuna aliyekaa kuliko mimi, nimeomba niwe wa kwanza kuinuka.