Hongera wanaoufuata moshi

Hapa Mtambile moshi wa kuni ukitoka jikoni tunauona ukifuata upepo, kisha unatupotea. Wapo wasioupoteza: wataalamu wa modeli za kompyuta za hewa. Huigawa anga katika vyumba vidogo, na kila chumba hukikokotolea upepo, mvua, jua na kemia. Humo oksidi za nitrojeni za magari na moto, zikikutana na mvuke wa petroli juani, huzaa ozoni inayoumiza mapafu. Moshi hufuatwa hata baharini: mwaka 1999, utafiti uitwao INDOEX, ulioongozwa na wanasayansi Ramanathan na Crutzen, ulionesha kaskazi, upepo uliowaleta wafanyabiashara wa majahazi, ukibeba uchafu wa Asia Kusini juu ya Bahari ya Hindi. Hongereni, wataalamu! Walimu wetu wa hesabu na kemia, waonesheni wanafunzi kazi hii.