Jembe la Siku ya Kwanza: Vijana wa Kakuma Mjini Houston

Filamu ya Lost Boys of Sudan, iliyoongozwa na Megan Mylan na Jon Shenk na kutolewa mwaka 2003, inawafuata vijana wawili Wadinka, Peter Nyarol Dut na Santino Majok Chuor, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hadi Houston katika jimbo la Texas. Ni filamu ya maisha halisi. Haina waigizaji, wala haina sauti ya msimulizi wa kumwelekeza mtazamaji aone nini na ahisi nini. Kamera inakaa na vijana hawa katika mwaka wao wa kwanza Marekani na kuwaacha waonekane. Kufikia mwisho, Peter ameondoka Texas kwenda Kansas kutafuta shule ya sekondari, na Santino amebaki Houston akifanya kazi na kulipa kodi ya nyumba. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekamatwa na adui, hakuna aliyevuka mto wenye mamba. Hata hivyo, mtazamaji anainuka na hakika kwamba ameshuhudia hatari, ingawa si rahisi kuinyoshea kidole.

Hatari hiyo ndiyo inayochunguzwa hapa. Masimulizi mengi kuhusu vijana hawa yanaiweka njiani, kabla ya Marekani, na kuufanya uwanja wa ndege wa Marekani kuwa mlango wa usalama. Filamu hii inaanzia pale ambapo masimulizi mengine yangependa kupumzika, na kwa kufanya hivyo inaonyesha kwamba upweke, ule hasa unaoyapa masimulizi ya kunusurika mvuto wake, haukuanzia nyikani. Ulianzia mjini.

Historia yenyewe inajulikana vya kutosha kuelezwa kwa ufupi. Vita vya pili vya Sudan vilizuka mwaka 1983. Ilipofika 1987, maelfu ya watoto, wengi wao wavulana waliokuwa malishoni vijiji vyao viliposhambuliwa, walitembea kuelekea mashariki hadi Ethiopia. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilianguka, wakafukuzwa, na wengi wakafia katika mto Gilo kwa risasi, kwa maji na kwa mamba. Mwaka 1992 walionusurika waliingia Kenya na kuwekwa Kakuma. Wapo waliowahi kubebeshwa bunduki na waasi wakiwa bado watoto, jambo ambalo masimulizi yenye kupenda usafi wa moyo wa mtoto huligusa kwa ncha ya kidole tu. Kati ya 2000 na 2001 Marekani iliwapokea takriban 3,800 kati yao na kuwatawanya katika miji mingi, Houston na Dallas zikiwemo.

Jina walilopewa lina hadithi yake. “Wavulana waliopotea” limetoka katika Peter Pan ya J. M. Barrie, ambamo watoto walioanguka kutoka vigarini wanaishi katika kisiwa cha ajabu, na kukua hawakui. Tamathali hii imepotoka mara mbili. Vijana wa Kakuma walikua kabla ya wakati wao. Aliyekuwa na miaka kumi alimbeba mwenye miaka sita. Pili, hawakupotea kwa maana ambayo utamaduni wao ungeikubali. Mdinka anayeweza kuutaja ukoo wake baba kwa babu, na ng'ombe wa baba yake kwa rangi zao, anajua atokako hata asipojua aendako. Jina hilo linamtazama kijana kwa jicho la anayemwona kwa mara ya kwanza: kwa kuwa mimi sijui nyumbani kwako ni wapi, basi wewe umepotea.

Kosa la namna hiyo hiyo limelipata jina la Kakuma. Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu wakimbizi hawa, imerudiwa mara nyingi kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo mahali. Hakuna msemaji wa Kiswahili anayelitambua neno hilo kwa maana hiyo. Kakuma ni mji wa Turkana, wenye watu wake, visima vyake na soko lake tangu kabla ya kambi. Lakini kosa hili lina kazi linayoifanya. Ili safari ya kijana iwe na umbo la kutoka gizani kuingia nuruni, kituo cha kati sharti kifutwe, na Kiswahili kimeazimwa jina ili kifanye kazi ya ufutio. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kukataa kazi hiyo kwa niaba ya lugha yake. Kakuma palikuwa na shule zilizofuata mtaala wa Kenya, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo. Palikuwa na makanisa, mashindano ya mpira na mahakama za wazee. Palikuwa pia na njaa, uvamizi wa usiku, na sheria ya kutotoka kambini bila kibali. Kwa ubaya na kwa uzuri, palikuwa mahali.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba Kakuma hakuna aliyekuwa peke yake. Vijana hawa waliishi kwa makundi, wakachangia chungu, wakagawana mgawo wa mahindi na zamu za kuteka maji, wakaitana ndugu hadi neno hilo likawa kweli. Yatima alikuwa hana wazazi, lakini watu alikuwa nao. Filamu inaionyesha hali hii katika sehemu ya kuagana, kijana anaposindikizwa kwa nyimbo na kwa wosia. Wosia huo ni pamoja na onyo kwamba wasije wakaiga vijana wa Marekani wavaao suruali pana na kuishi ovyo.

Msomaji wa Kiswahili anaujua wosia kama utanzu. Utendi wa Mwana Kupona, unaohusishwa na mwaka 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake kuhusu namna ya kuishi katika ulimwengu ambao mama ameuishi na anaujua kila pembe. Wosia wa Kakuma una sauti ile ile ya upendo, lakini msingi wake umetoweka, kwa maana mzee anausia kuhusu nchi ambayo hajaikanyaga. Anachokijua ni picha tu, na picha hiyo tayari imebeba dharau ambayo Marekani yenyewe imewajengea watu wake Weusi. Kijana anafika Houston akiwa ameonywa dhidi ya watu ambao, machoni pa polisi na mwajiri, yeye ni mmoja wao. Filamu inalirekodi onyo hilo lakini hailifuatilii ipasavyo. Huu ni udhaifu wake mkubwa, kwa sababu jirani Mweusi angeweza kuwa mwenyeji.

Neno mwenyeji linatuleta kwenye methali ambayo kila mtoto wa pwani na bara anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande wa pili. Anayepewa jembe anapelekwa shambani kwa mwenyeji, analima kando yake, anakula alicholima, na kwa jembe hilo ugeni wake unaanza kuisha. Siku mbili za mwanzo ni za heshima, na ya tatu ni ya kuingizwa nyumbani.

Utaratibu wa Marekani wa kupokea wakimbizi unaipindua methali hii. Nauli ya ndege ni mkopo ambao mkimbizi ataulipa, kwa hiyo anatua akiwa na deni. Msaada wa shirika linalompokea umepimwa kwa siku, usizidi miezi mitatu, na lengo lake lililotangazwa ni ajira ya haraka. Jembe linatolewa siku ya kwanza. Shamba si la mwenyeji yeyote anayeonekana. Ni kiwanda, ghala, au zamu ya usiku chini ya msimamizi atakayebadilishwa mwezi ujao. Kijana analima, lakini halimi kando ya mtu, na hata baada ya mwaka wa kulima bado anaitwa mgeni.

Hapa umri unakuwa suala la uhai. Vijana wengi wa Kakuma hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Maofisa waliwakadiria miaka na kuwaandikia tarehe moja, 1 Januari. Aliyekadiriwa kuwa chini ya miaka 18 aliweza kupata familia ya malezi na dawati la shule. Aliyekadiriwa kuivuka, hata kama ni kwa mwaka mmoja wa kubahatisha, alihesabiwa mtu mzima mwenye wajibu wa kujilipia kodi. Ndugu wawili waliotembea pamoja kutoka Sudan wangeweza kutenganishwa na kalamu moja. Riwaya ya makuzi, kama inavyofundishwa, humwacha mhusika akue kwa matukio. Katika mkasa huu, utu uzima ni tarakimu iliyoandikwa na mtu mwingine.

Houston yenyewe filamu inaitumia vizuri kama mandhari. Mji huu umetandazwa juu ya tambarare, umeunganishwa kwa barabara kuu, na asiye na gari ndani yake ni sawa na asiye na miguu. Kwa vijana waliovuka nchi tatu kwa kutembea, hili ni pigo la aina yake, kwani ustadi uliowaokoa hauna kazi hapa. Masaibu ya Santino na leseni ya udereva yanaweza kuonekana madogo yakilinganishwa na simba. Lakini filamu, kwa kukaa nayo bila haraka, inaonyesha jinsi ukosefu wa kadi moja unavyofunga njia ya kazi, na kazi njia ya kodi, na kodi njia ya shule. Simba alikuwa na mwili na watu waliweza kuwasha moto pamoja dhidi yake. Dhidi ya faini kila mtu husimama peke yake.

Watazamaji wengi huvutiwa zaidi na Peter, kwa kuwa kuondoka kwake kwenda Kansas kunalingana na msuko waliouzoea, wa kijana mwenye shabaha anayejikata na kundi ili afike. Lakini kuondoka huko ndiko pia kunakovunja kilichobaki cha Kakuma. Santino anabaki, anabeba kodi, anapokea simu za walioachwa Afrika, na shule inazidi kusogea mbali. Filamu haimlaumu Peter wala haimtukuzi Santino, na hiyo ni sifa yake kubwa. Inawaweka kandokando na kumwachia mtazamaji swali: je, katika nchi hii kijana anaweza kusonga mbele bila kumwacha mwenzake?

Fasihi ya Kiswahili inaye kijana wa kulinganishwa nao. Kongowea, msimulizi wa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anaonja ukatili wa walezi, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, hadi Kitale. Naye ni kijana peke yake katika ulimwengu mgeni na wa hatari. Tofauti ni kwamba ugeni wa Kongowea una nyuso. Anayemtesa ana jina, anayemfadhili ana jina, na lugha anayoomba nayo maji ndiyo lugha anayoandikia hadithi yake. Walibora anaweza kumaliza kwa matumaini kwa sababu ulimwengu wa riwaya yake, pamoja na uovu wake wote, bado unajibu unapobishiwa hodi.

What Is the What ya Dave Eggers (2006), inayotokana na maisha ya Valentino Achak Deng, inaonyesha kinyume chake. Msimulizi wake anavamiwa na kuibiwa ndani ya nyumba yake Atlanta, kisha anawasimulia maisha yake kimoyomoyo wale wanaompita: mtoto anayemlinda akiwa amefungwa, mhudumu wa hospitali, wateja wa ukumbi wa mazoezi. Hakuna anayesikia. Mbinu hiyo imesifiwa kama ubunifu wa usimulizi, lakini yafaa pia kusomwa kama taarifa ya hali halisi. Ni hadithi ya mtu aliyekosa wa kumwambia.

Suala hili halikufungwa na kizazi cha Peter na Santino. Katika mwaka wa fedha wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi walioingia Marekani, zaidi ya 16,000. Miongoni mwao walikuwamo wengi ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, na Houston, Dallas na Fort Worth zilikuwa miongoni mwa miji yao mipya. Fort Worth na Houston pia zimekuwa na mpango wa kuwalea watoto wakimbizi waliofika bila wazazi, kupitia mashirika ya hisani ya Kikatoliki. Kwa hiyo kijana aliye peke yake Texas leo huenda anaota kwa Kiswahili, tofauti na Peter na Santino walioota kwa Kidinka. Hadithi yake haihitaji mkalimani ili imfikie msomaji wa jarida kama hili.

Walibora, aliyesomea shahada ya uzamivu Marekani, aliwaandikia vijana kitabu alichokiita Ndoto ya Amerika. Sehemu ya pili ya hadithi hiyo, ya kijana aliyekwisha kufika, ni deni la waandishi waliomfuata, na wengi wao wanaishi huko huko. Wasipoilipa, itasimuliwa kwa lugha nyingine na wengine, kwa nia njema pengine, na kijana wa Nyarugusu au Kakuma ataambiwa tena kwamba alitoka mahali pasipo mahali, kwa neno linalodaiwa kuwa la lugha yake mwenyewe.