Maiki mbili za Grateful Dead

Ukiunganisha spika mbili, kisha waya za moja zikageuzwa, chanya ikakaa kwenye hasi, besi hupotea. Koni moja inasukuma hewa huku nyingine inaivuta, na mawimbi yanafutana. Kila fundi mitambo anaijua hitilafu hiyo. Mwaka 1974 bendi ya Marekani, Grateful Dead, iliifanya kwa makusudi, na bila hiyo mitambo yao mikubwa isingetumika kabisa.

Mitambo hiyo, Wall of Sound, ilibuniwa na Owsley Stanley pamoja na mafundi wa kampuni ya Alembic. Spika karibu 600 zilipangwa nyuma ya wanamuziki, ili wasikie kilekile wanachosikia watazamaji. Lilikuwa wazo la heshima kwa muziki. Lakini maiki za waimbaji zilitazamana na ukuta huo, na sauti ya spika ikirudi kwenye maiki hujizungusha mpaka iwe mlio wa kutoboa masikio.

Mafundi wakamfungia kila mwimbaji maiki mbili zinazofanana, moja juu ya nyingine, zikiachana sentimita 6 hivi, polariti ya moja, yaani chanya na hasi yake, imegeuzwa. Mwimbaji aliimba akiwa ameibana midomo kwenye maiki ya juu. Kelele ya ukuta ilizifikia zote mbili kwa nguvu karibu sawa, ikafutika. Sauti ya mwimbaji iliingia zaidi kwenye moja, ikabaki.

Hapo ndipo awamu inapoingia. Kugeuza polariti hupindua mawimbi yote kwa mkupuo, mazito na membamba. Awamu inategemea muda, na muda uleule huliathiri kila wimbi kivyake. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, kwa hiyo sentimita 6 si kitu kwake. La hezi 2,900 lina sentimita 12 tu: likitoka juu moja kwa moja, huifikia maiki ya chini likiwa limechelewa nusu wimbi, na badala ya kufutana mawimbi yanajumlishana. Kwa hiyo ujanja huu ulifuta besi vizuri kuliko sauti za juu.

Mwimbaji naye akirudi nyuma hatua moja tu, maiki zote mbili zinamsikia sawa, naye anafutwa pamoja na kelele. Kitufe cha Ø kwenye mikisa hugeuza polariti vilevile. Lakini maiki iliyowekwa mbali hakiiokoi, kwa kuwa tatizo lake ni muda; hiyo lazima isogezwe kwa mkono.