Uasi na Shabaha Yake: Kundi la Ethic na Wimbo wa "Tarimbo"

Muziki wa vijana wa Eastlands, Nairobi, umehukumiwa mara nyingi na wazazi, wahubiri na maofisa, lakini ni mara chache umehakikiwa kama sanaa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuuangalia kwa jicho hilo, tukilichukua kundi la Ethic, vijana wanne wa mtaa wa Umoja, jirani na Buruburu. Wimbo wao "Lamba Lolo" wa mwaka 2018 ni miongoni mwa nyimbo zilizoueneza mkondo uitwao gengetone.

Kwa namna ya utendaji, mkondo huu una udugu na muziki wa panki ulioibuka Uingereza katikati ya miaka ya 1970. Vijana wasio na mdhamini hujitungia, hujirekodia kwa zana chache na kuifikia hadhira bila kungojea kibali cha kampuni kubwa. Wimbo hupita YouTube na kuvuma katika matatu. Lugha yake ni Sheng, ile ile ya hadhira yake. Hapa fani imeoana na mazingira, na msanii hana haja ya mkalimani.

Mwaka 2019 kundi hilo lilitoa "Tarimbo". Wimbo ulishutumiwa vikali kwamba unahimiza ubakaji, na wasanii wakaomba radhi. Wako walioitupia Sheng lawama. Hoja hiyo haina mashiko. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiswahili, mtarimbo, yaani chuma kinene cha kuchimbia na kuvunjia. Kasoro haimo katika msamiati bali katika istiari: mwili wa mwanamume ukifanywa chuma cha kuvunjia, mwanamke hubaki kuwa kitu cha kuvunjwa.

Watetezi wa wimbo huweza kusema kwamba sanaa ya vijana haina budi kuudhi. Ni kweli kwamba mwaka 1977 BBC ilikataa kuucheza "God Save the Queen" wa Sex Pistols. Hata hivyo, kukataliwa peke yake si ushahidi wa ushujaa. Wimbo ule ulikilenga kiti cha enzi. "Tarimbo" ulimlenga msichana wa mtaani, apandaye matatu ile ile na wasanii, asiye na mamlaka yoyote ya kupinduliwa. Uasi hupimwa kwa yule unayempiga.

Je, dawa ni marufuku? Sisi hatudhani hivyo. Malenga wa Kiswahili walijibizana kwa beti, na kila mtunzi alijua kwamba neno lake litajibiwa. Zana zilizowawezesha vijana wa Umoja kusema bila kibali zinaweza pia kuwawezesha wasichana wa Buruburu kuwajibu, kwa Sheng ile ile na mdundo ule ule. Kazi ya mhakiki ni kulisikiliza jibu hilo kwa makini ule ule, na kulipima kwa mizani ile ile.