Clod Buster: Mota Mbili Juu ya Ekseli

Anayetafuta gari kubwa la rimoti, lile la matairi manene linalopanda vifusi na kuruka matuta, kwa kawaida huanza kuuliza spidi. Spidi haikuelezi gari limeundwaje. Fuata njia ya nguvu: inazaliwa wapi, inapita kwenye gia na shafti zipi hadi kufika ardhini, na gurudumu likigonga jiwe, kishindo kinaishia wapi. Kwa kipimo hicho, gari lililotoka mwaka 1987 bado linatufundisha mengi. Ni Clod Buster la Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani.

Lilitoka kwa kipimo cha 1/10, na bodi ya pikapu ya Chevrolet, na mnunuzi alilifunga mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza. Nchini Marekani, tangu Bob Chandler aanze kukanyaga magari mabovu kwa Bigfoot, lori lake la matairi makubwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, malori ya namna hiyo yalikuwa yanajaza viwanja. Tamiya walitaka umbo lilelile: matairi makubwa, ekseli nzima mbele na nyuma, magurudumu yote manne yakivuta na yote manne yakikata kona.

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukiweka mota moja katikati ya chasisi, lazima uipeleke nguvu mbele na nyuma kwa shafti mbili za propela, na ekseli zinapanda na kushuka muda wote. Kila jointi utakayoongeza ni mahali pengine pa kukatikia. Tamiya waliamua kuziondoa propela kabisa. Kila ekseli ikapewa mota yake ya aina ya 540, gia zake na difu yake. Kinachotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli ni nyaya za umeme tu, na waya haujali ekseli imekaa pembe gani.

Faida ya pili huonekana gari linapopanda. Propela inayozunguka kwa nguvu huisukuma chasisi ilale upande mmoja, na gurudumu la upande wa pili hupungukiwa na uzito wa kulikandamiza chini. Mota za Clod Buster zimelala sambamba na ekseli, kwa hiyo msokoto huo wa kando haupo. Ndiyo maana wapandaji miamba wa magari ya rimoti walizipenda ekseli hizi, wakazifunga kwenye chasisi walizobuni wenyewe.

Lakini hakuna cha bure. Mota na gia zikikaa kwenye ekseli, uzito wake haubebwi na springi. Unasaidia gari kutulia chini, lakini ekseli nzito ikirushwa na tuta huchelewa kurudi ardhini. Shokapu nane za kiwandani hazina mafuta, hutegemea springi na msuguano, kwa hiyo kwenye mwendo wa kasi gari hudunda. Tena mota hizo mbili hazijaunganishwa kwa shafti yoyote: magurudumu ya mbele yakinyanyuka, mota ya mbele huzunguka hewani, na ya nyuma hubaki kubeba mzigo wote.

Udhaifu mkubwa kuliko wote ni usukani. Sevo, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu, imo ndani ya chasisi, na rodi zake zinakwenda hadi kwenye ekseli zote mbili. Liweke gari mezani, kandamiza bodi polepole kwa kiganja, uyatazame magurudumu ya mbele: yanakata kona yenyewe, hakuna aliyegusa rimoti. Chasisi ikishuka, pembe ya rodi hubadilika, na rodi inavuta. Kwenye mashimo jambo hilo hutokea kila gurudumu linaporuka, na dereva anajikuta akirekebisha mwelekeo ambao hakuuagiza. Dawa inajulikana: sevo ihamishiwe kwenye ekseli yenyewe, ipande na kushuka nayo. Wengi huanzia hapo, kabla ya kugusa mota.

Linganisha na X-Maxx la Traxxas, lililotoka 2015. Mota iko ndani ya chasisi, kila gurudumu lina mikono na shafti yake, na njiani kumewekwa kipande cha mpira kinachomeza kishindo kabla hakijang'oa meno ya gia. Magurudumu ni mepesi kwenda na ardhi, na toleo la betri kubwa zaidi hupita kilomita 80 kwa saa. Ni uhandisi wa hali ya juu, ila umeiacha ekseli nzima, kitu kinacholipa lori la uwanjani mwendo wake wa kuyumba na kupanda.

Hukumu yangu ni kwamba Clod Buster ni gari la mwendo wa taratibu na vikwazo vikubwa, na hapo muundo wake ni sahihi hadi leo. Kwa mbio na miruko, nunua jingine. Na lolote utakalochagua, lifanyie jaribio la kiganja pale dukani, ligeuze uone mota ziko wapi, kisha uliza kama gia na rodi za usukani zinauzwa mojamoja. Gari lisilo na spea litakufa siku litakapovunjika gia ya kwanza, hata likiwa na spidi kiasi gani.