Nani kaanza? Neno 'uchokozi' na wazee wa Kilifi

Watoto wakipigana mtaani Malindi, mzazi huuliza kwanza, "Nani kaanza?" Swali hilo limo ndani ya neno uchokozi, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari wiki hii.

Chokoza ni jirani wa chokoa na chokonoa. Anayechokoa hutia kijiti mahali palipotulia. Kwa hivyo si kila mtu mkali ni mchokozi, wala si kila apigaye. Mchokozi ni yule aliyeanza. Uhasama huwa wa pande mbili, uadui hukaa moyoni, lakini uchokozi una mwenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwenye insha kwamba Wagiriama walikuwa "wachokozi" mwaka 1914. Nikamwambia: Mwanangu, hebu hesabu upya. Nani alidai kodi ya nyumba? Nani alitaka vijana wa kufanya kazi kwa lazima, na watu wahame kaskazini mwa mto Sabaki? Mekatilili wa Menza alikamatwa 1913 akapelekwa uhamishoni Kisii. Agosti 1914, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Masimulizi yasema Mekatilili alimletea ofisa Mwingereza, Arthur Champion, kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Naam, kuku alikuwa mkali, lakini mchokozi hakuwa yeye. Kijana wangu alikuwa ametafsiri neno la Kiingereza linalobeba ukali na uchokozi pamoja, bila kupima.

Kosa hilo lina pacha wake, naye anauma zaidi kwa sababu angali hai. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wanauawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Baadhi yao wamelazimika kukimbilia kituo cha Kaya Godhoma, Ganze. Habari zao utazisikia hivi: "Mzee ameuawa na wananchi wenye hasira."

Hasira! Hasira hailetwi na upepo. Mwenye hasira kakasirishwa. Kwa neno hilo moja tumemfanya marehemu kuwa mchokozi, na waliomvamia kwa mapanga tumewapa udhuru. Ilhali watetezi wa wazee na maafisa wa serikali wamesema mara kwa mara kwamba ukizichokonoa tuhuma hizi, mara nyingi utakuta shamba linalogombewa.

Mtu ataniambia, "Profesa, huo ni msemo tu, tumeuzoea." Ndiyo shida yenyewe. Kama wauaji walikuwa na hasira au tamaa, mwandishi hakuwemo mioyoni mwao. Anachokijua ni kwamba waliua. Basi na aandike hivyo: watu walimvamia mzee nyumbani kwake wakamuua. Sentensi hiyo haipungukiwi na kitu, na inamrudishia mchokozi uchokozi wake.

Mzee hana tena kinywa cha kujibu "Nani kaanza?" Tusimjibie uongo.